Samansi ya Bi Mize

Sheha Shaame alifariki siku ya Jumatano, na mimi nilipata habari nikiwa kazini Chake Chake, kwa ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa mwanawe mdogo: baba katutoka alfajiri, tunamzika baada ya adhuhuri. Maziko yalinipita. Nilipofika kijijini, kaskazini ya Konde, wanaume walikuwa washarudi makaburini wamekaa barazani, na Bi Time, mjane wake, alikuwa keshaingia eda, amekaa juu ya mkeka katika chumba cha ndani. Alinishika mkono, akaniuliza kama nimekula. Miaka thelathini haikumbadilisha. Mtu akiingia kwake kwa kilio au kwa harusi, kwa kesi au kwa maradhi, swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo. Nikamwambia nimekula, haikuwa kweli, na akajua, akamwita mkwewe aniletee chai.

Nilikaa siku tatu, mpaka hitima. Katika siku hizo niliingia mara moja tu chumba cha mbele, kilichokuwa ofisi. Sasa ni chumba cha wajukuu, kina kitanda cha ghorofa na picha za wacheza mpira ukutani. Nilisimama mlangoni nikitafuta kwa macho pahala meza ilipokuwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipokaa nyuma ya meza ile, karani wa sheha, na nilikaa mwaka mmoja, kutoka kabla ya masika moja mpaka kabla ya masika ya pili. Baada ya hapo nimefanya kazi za kalamu maisha yangu yote, nimepata vyeti na nimewafundisha wengine. Lakini kazi niliijua hapo, na niliijua kwa kumharibia mtu.

Kwa asiyekuwa wa Visiwani, sheha ni mtu mgumu kumueleza. Hana bunduki wala pingu, lakini polisi hawapekui nyumba mpaka awepo. Hana joho la hakimu, lakini ugomvi wa mpaka, wa ng'ombe kula mihogo, wa mume na mke, huanzia kwake na mwingi huishia kwake. Ndiye anayeandika kuwa mtoto kazaliwa na mzee kafa. Ndiye anayetoa barua kuwa fulani ni mkaazi wa hapa na anajulikana, na bila ya barua hiyo mtu hapati kitambulisho wala haandikishi mtoto skuli. Na mahakama ikimtaka mtu, karatasi ya kumwita, ambayo sote tukiiita samansi, kwetu ilikuja kwanza kwa sheha, ili sheha aifikishe mkononi mwa mwenyewe na arudishe jawabu yenye mhuri kuwa imefika.

Ofisi yetu ilikuwa na meza moja ya mbao nzito, mabenchi mawili ya wanaokuja na shida zao, na daftari kubwa la wakaazi ambalo jalada lake Bi Time alilishona kwa uzi wa nyavu. Mhuri ulikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, umefungwa kitambaa. Baina ya ofisi na nyumba kulikuwa na pazia tu, kwa hiyo kazi ya serikali ilifanyika huku nazi inakunwa, na waliokuwa jikoni walizisikia kesi zote, na sisi tuliokuwa ofisini tulisikia yaliyosemwa jikoni kuhusu kesi hizo. Saa nne ilikuja sinia: chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha, au shelisheli la kuchoma ikiwa ni msimu wake. Sheha hakuanza kusikiliza ugomvi wowote kabla ya sinia hiyo. Mshitaki na mshitakiwa walikula pamoja, hata kama walikuja wamenuniana, na nimeona watu wawili waliotaka kukatana mapanga juu ya mpaka wakisogezeana chumvi. Yeye mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na mtu ilimbidi anyamaze ili amsikie. Labda ndiyo sababu watu wakinyamaza.

Nakumbuka wiki yangu ya pili polisi watatu walikuja kutaka kupekua nyumba ya kijana mmoja aliyesemwa kaficha mashine ya boti ya wizi. Sheha akanichukua niandike kitakachopatikana. Tulipofika, askari mmoja alitaka kuingia, Sheha akamshika bega, akapiga hodi mara tatu, akangoja mpaka mama wa nyumba akaitikia karibu. Kisha akavua viatu na kuwatazama askari mpaka nao wakavua. Walifungua masanduku, wakatoa nguo za yule mama, wakaangalia mvunguni, hawakupata kitu. Askari walipoondoka Sheha hakuondoka. Alikaa chini akaanza kuzikunja nguo moja moja na kumpa mwenyewe azirudishe sandukuni, na mimi nikaona haya kusimama na kalamu, nikakaa nikakunja.

Kwenye samansi alikuwa na desturi yake, na aliniambia siku ya kwanza tu, kabla hajanionesha pa kukaa. "Karatasi ya mahakama huipi mlango, huipi mtoto, huipi jirani," alisema. "Unampa mwenyewe mkononi. Unakaa. Unamsomea mara mbili, maana mara ya kwanza mtu husikia khofu tu. Halafu unamuuliza, unaitwa siku gani? Akikutajia siku kwa mdomo wake, hapo ndipo imefika." Alizipeleka zote yeye mwenyewe kwa miguu. Akirudi aliandika kwenye jawabu ya mahakama, akagonga mhuri, na mimi nikaandika kwenye daftari letu: fulani kapokea, kataja siku.

Bi Mize alikuwa mjane anayekaa peke yake ng'ambo ya bonde la mpunga, upande wa kwendea Msuka. Alikuwa mtu mzima, mfupi, mwenye miguu mepesi, na hakujua kusoma ila msahafu. Alikuwa akija ofisini bila ya haja yoyote. Anatuletea matango au majani ya mchaichai, anakaa kwenye benchi, anasikiliza kesi za watu, na mara nyingine anatoa hukumu yake kwa sauti ya chini ambayo ofisi nzima inaisikia. Akiniita "karani wangu". Anajua tarehe za watu wote. Ukibisha mtoto wa fulani kazaliwa lini, yeye atakwambia ilikuwa Ijumaa, karafuu za mwanzo zimeanikwa, na mvua ikaja wakati wa adhana. Daftari letu tulilisahihisha kwa kichwa chake.

Mumewe alipofariki, kaka wa mume, Mzee Bakari, alidai kuwa kiwanja na nyumba ni mali ya baba yao ambayo haijagawiwa. Bi Mize alisema nyumba alipewa na mumewe mbele ya mashahidi wawili, ni hiba yake. Shahidi mmoja alikuwa amekufa, wa pili alikuwa hai na tayari kusema. Sheha aliwakalisha mara mbili, wakala muhogo pamoja, hawakupatana. Mzee Bakari akaenda mahakamani, na samansi ya Bi Mize ikaja katikati ya masika.

Wiki ile Sheha alikuwa kitandani. Mguu wake wa kulia ulikuwa na donda ambalo baadaye tulijua ni la sukari, na hata kufika chooni ilikuwa kazi. Aliniita kwenye pazia. "Raya, hino utaipeleka weye. Unajua tunavyofanya." Nikasema najua. Ilikuwa ni samansi ya kwanza niliyoaminiwa, na hata leo nakumbuka jinsi nilivyoitia kwenye mkoba wangu, imekunjwa mara tatu. Lakini alasiri ile ile kulikuwa na wanawake wanakuja kwetu kunitazama. Kulikuwa na kijana wa Konde aliyepeleka neno, na mama yake na mashangazi zake walitaka kumuona mtu wenyewe. Nilitakiwa nyumbani mapema, nimekoga, nimevaa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na bonde lilikuwa limejaa maji, na kulivuka kwenda na kurudi ilikuwa ni kujitia tope mpaka magotini.

Msikitini, pale njia inapogawika, nilikutana na Salimu, mume wa binti yake Mzee Bakari, anakokota baiskeli. Akanisalimu, akaniuliza nakwenda wapi na mvua hii. Nikamwambia kwa Bi Mize, nina karatasi yake.

"Nipe mie," akasema. "Napita kwake sasa hivi. Weye utajiharibia nguo bure."

Nimeusema uongo mwingi juu ya dakika ile, mwingine nimejisemea mwenyewe. Nimesema sikukumbuka Salimu ni mkwe wa nani. Nilikumbuka. Nimesema nilidhani karatasi ni karatasi. Nilikuwa nimeshaambiwa sivyo. Ukweli ni kuwa nilitazama maji ya bonde, nikatazama viatu vyangu, nikafungua mkoba. Salimu akaitia karatasi kwenye mfuko wa shati na akapanda baiskeli yake. Miezi baadaye, alipoulizwa, alisema aliisahau mfukoni na mkewe akalifua shati. Huenda ni kweli. Kwa upande wangu haibadilishi kitu.

Asubuhi yake Sheha aliniuliza kutoka kitandani, "Bi Mize kapokea?"

"Kapokea."

"Ulimsomea mara mbili?"

"Nilimsomea."

"Kakutajia siku?"

Nikasema, "Kanitajia." Akanyoosha mkono, nikampa jawabu ya mahakama na kopo la mhuri, akaandika kalala, akagonga mhuri juu ya goti lake. Mimi nikaandika kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri. Na kwa kuwa wale wanawake wa Konde walinipenda, wiki zile nilikuwa na furaha, na samansi ya Bi Mize ilinitoka kichwani kabisa. Yule kijana alinioa mwaka uliofuata. Tulikaa miaka mitatu tukaachana, na katika miaka mitatu ile sikuwahi kumwambia kuwa siku ya mama yake kuja kunitazama nilifanya nini.

Siku ya kesi ilifika na Bi Mize hakutokea, kwa sababu hakujua. Alipokuja ofisini siku chache kabla na matango yake mimi nilikuwa nimetumwa Konde, na Sheha, aliyeanza kutembea kwa mkongojo, hakumtajia jambo la kesi kwa kuwa alijua yeye anajua. Mahakama iliona jawabu yenye mhuri, ikaona mtu kaitwa na hakuja, ikamsikiliza Mzee Bakari peke yake na kumpa haki. Amri ya kuhama ilikuja mwezi wa nane. Ililetwa na dalali wa mahakama pamoja na askari wawili, na sheha lazima awepo, na karani lazima aandike kila kitakachotolewa ndani.

Tulipofika Bi Mize alikuwa anafagia uani. Sheha alipiga hodi mara tatu kama kawaida yake, ingawa mwenyewe alikuwa mbele yetu na ufagio mkononi. Dalali akasoma. Majirani walianza kukusanyika kwenye migomba. Bi Mize alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ufagio chini.

"Kesi imesikilizwa lini?" akauliza. "Mbona mie sikuitwa?"

"Uliitwa, Bi Mize," Sheha akasema taratibu. "Mwezi ule mie nnaumwa. Raya kaja hapa kukusomea samansi, na weye ukamtajia siku."

Watu wote wakanitazama. Nilikuwa nimeshika daftari kifuani. Kulikuwa na wakati wa kusema. Nakadiria ulikuwa mrefu wa kutosha mtu kuvuta pumzi mara tatu au nne. Bi Mize alinitazama bila ya hasira, kama mtu anayetazama kitu cha mbali ambacho hajakijua ni nini. Mimi nikasema, "Nilikuja, Bi Mize. Mvua ilikuwa inanyesha."

Sijui kwa nini niliongeza mvua. Nadhani uongo ulitaka kitu cha kweli cha kushikilia.

Aliendelea kunitazama, halafu akapitisha mkono usoni. "Basi ntakuwa nimesahau, mwanangu," akasema. "Umri ushakwenda."

Nikaandika. Kitanda kimoja cha kamba. Mikeka minne. Sanduku moja la mbao, nguo ndani. Mbuzi ya kukunia nazi. Sinia mbili, vyungu vitatu, kinu na mchi. Msahafu mmoja na marufaa yake ya kuuwekea. Mwandiko wangu siku ile haukutetemeka hata kidogo, nimeuona baadaye kwenye daftari, umenyooka kama siku nyingine. Sheha alivitoa vile vyepesi kwa mikono yake, na mguu wake ule, na aliwazuia askari wasirushe kitu.

Adhuhuri Bi Mize alikula kwetu, maana yake kwa Sheha, kabla ya kuondoka kwenda Kojani kwa dada yake. Bi Time alipika wali wa nazi na changu wa kukaanga. Tulikaa wanawake watatu kwenye sinia moja nyuma ya pazia, na Bi Mize alitoa kipande cha tumbo la samaki, kile kisicho na miiba, akakiweka upande wangu. "Kula, karani wangu. Umechoka kuandika." Nilikula. Nilipotoka kunawa nilimsikia Bi Time akimuuliza kwa sauti ya chini, "Kwani kweli, dada, kusahau?" Kisha ikaja sauti ya Bi Mize: "Tuyaache, Time."

Maneno hayo mawili niliishi nayo miaka thelathini. Niliyageuza kila upande, na mwisho nikayapa maana iliyonifaa: kuwa alijua. Kuwa alinitazama pale uani, akaona msichana mdogo mbele ya umati, akaamua kunisitiri. Nilimpenda kwa ajili hiyo. Kila niliposhindwa kulala kwa aibu, nilijiambia kuwa aliyenisamehe ni yeye mwenyewe niliyemkosea, tena palepale, bila ya kuombwa.

Niliyasema baada ya miezi mitatu. Haukuwa ushujaa. Kijana mmoja kutoka wilayani alikuja kukagua daftari zetu, na Sheha akamwambia mbele yangu, "Samansi zote sasa nampa Raya. Huyu mtu unaweza kumuamini." Mgeni alipoondoka nilikaa pale na chai yangu imepoa, nikamwambia Sheha kila kitu, kuanzia msikitini mpaka mvua. Alikuwa anakata muhogo kwa kisu kidogo. Aliweka kisu. Upande wa pili wa pazia nazi iliacha kukunwa.

"Kwa nini unaniambia leo?" akauliza.

"Kwa sababu umesema mtu anaweza kuniamini."

Nilingoja anifukuze, nilitaka anifukuze. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote. "Nani kagonga mhuri?"

"Wewe, lakini mimi ndiye niliyekwambia..."

"Nakuuliza nani kagonga."

"Wewe."

"Basi vaa buibui lako. Tunakwenda mjini."

Tulikwenda na gari ya Konde. Mahakamani aliapa kuwa aliandika kapokea bila ya yeye kuona kupokea, na kwamba hati ile haikumfikia mwenyewe. Mimi niliapa baada yake. Wakili wa Mzee Bakari alimuuliza, ina maana miaka yote hii umekuwa ukigonga mhuri juu ya usiyoyaona? Akajibu, hili moja tu, bwana, na hili moja linatosha. Kabla ya mwaka mpya aliletewa barua ya kumpumzisha. Alibakishwa kazini mpaka apatikane mtu wa kushika pahala pake, na miezi ile alifanya kazi kama kawaida, sinia la saa nne lilikuja kama kawaida, na kila siku alinisogezea sahani bila ya kunitazama usoni, kisha siku moja akaanza tena kunitazama.

Mambo ya mahakama huchukua muda. Ilikuwa mwezi wa tatu amri ilipofutwa, na kesi ikapangiwa siku upya. Samansi mpya ya Bi Mize ikaja. Kojani haikuwa shehia yetu, lakini Sheha aliomba ruhusa aipeleke mwenyewe, akapewa. Nikaomba kufuatana naye. Tulivuka kwa mashua asubuhi, yeye ameshika mkongojo na mkoba, na katika njia za Kojani, ambazo ni nyembamba hata watu wawili wanapishana kwa mabega, alikuwa ananiambia, "Utamsomea weye. Mara mbili. Pole pole." Nilikuwa nikiyarudia maneno nitakayoyasema baada ya kusoma, kwa kuwa ukweli alikuwa bado hajaambiwa na mtu.

Kwenye nyumba ya dada yake kulikuwa na mikeka imeanikwa ukutani, mikeka mingi kuliko ya nyumba moja. Sheha aliiona kabla yangu, akapunguza mwendo. Bi Mize alikuwa amezikwa siku tisa nyuma. Habari ilikuwa haijatufikia.

Sheha aliingia ndani kutoa pole. Mimi sikuweza kuingia, nilikaa nje chini ya ukuta, na msichana mmoja wa nyumba ile akaniletea maji, nikayanywa. Tuliporudi ofisini, Sheha aliweka ile samansi mezani mbele yangu na jawabu yake. "Andika," akasema. Nikaandika anavyonitajia: hati imerudishwa, mwenye kuitwa amefariki. Akaisoma, akagonga mhuri. Ndiyo karatasi ya mwisho niliyoandika pale. Mashitaka yalikufa na mshitakiwa, dada yake hakutaka kugombea, na siku hizi kwenye kiwanja kile kuna duka la matofali na jiko la mandazi.

Siku ya hitima ya Sheha, baada ya miaka yote hiyo, tulikuwa wanawake kiasi cha ishirini uani tunachagua mchele. Aliyekaa karibu yangu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono ya haraka, na baada ya muda aliniuliza kama mimi ndiye niliyekuwa karani wa marehemu. Nikasema ndiye.

"Mie Zuwena," akasema. "Nnatoka Kojani. Bibi yangu ni dada yake Bi Mize. Mie ndiye nilokupa maji siku ile."

Nikamuuliza imekuwaje kaja msibani mbali hivi. Akaniambia Sheha Shaame alikwenda kwao kila mwaka, kabla ya Ramadhani, kumzuru Bi Mize kaburini, mpaka mguu ulipokatwa. Sikulijua hilo. Nikamuuliza, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza mtu, Bi Mize aliumwa nini.

"Hakuumwa kitu," Zuwena akasema, na macho yake yapo kwenye ungo. "Ilikuwa khofu. Alikuja kwetu kajiaminisha akili zinamtoka. Anasema karani alikwenda mpaka kwake, akakaa, akamsomea karatasi, naye akamtajia siku, na yeye hakumbuki hata kivuli cha mtu. Basi tangu hapo hajiamini kwa lolote. Hapiki, anasema atausahau moto. Hazungumzi mambo ya zamani, anasema huenda anayazua. Watu wakimuuliza tarehe, kama walivyozoea, anawaambia waulizeni wengine. Hata sala. Aliniita akanambia, Zuwena, kaa nyuma yangu unihesabie rakaa."

Nilimsikia Bi Time ndani akimuuliza mtu kama amekula. Miaka thelathini nilikuwa nimemfanya Bi Mize mtu aliyenisamehe, na kumbe hakuwa na cha kusamehe. Alikuwa ameniamini.

"Zuwena," nikasema, "hakusahau. Sikwenda kwake. Karatasi nilimpa mtu mwengine njiani, na nikasema nimekwenda."

Mikono yake ilisimama.

"Sheha akijua?"

"Akijua. Nilimwambia mimi, lakini tulichelewa."

"Hakutwambia." Akachukua chuya moja, akaitupa pembeni, kisha nyengine. Hakunitazama, wala hakuinuka kuondoka. "Miezi saba nilikaa nyuma yake," akasema, "sala tano kila siku, namhesabia. Hakukosea hata mara moja. Nikimwambia, bibi, weye hukosei, akinijibu, ni kwa sababu weye upo."